Kumlea yatima ni amana: Asiyempekua mlezi naye aadhibiwe

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), ambaye baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, na ziwafikie ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, hakuna kati yetu asiyeijua fadhila ya kumlea yatima. Katika hadithi aliyoipokea Sahl bin Saad (r.a.), iliyomo katika Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) alionesha vidole vyake viwili kufahamisha ukaribu wake Peponi na mwenye kumlea yatima. Kwa ajili ya bishara hiyo watu hutoa. Wapo wanaotoa mchele na mafuta kila Ramadhani, wapo waliotoa viwanja vikawa wakfu, na wapo wanaowaandikia wafadhili wa nje mpaka bweni linasimama.

Hayo yote ni kheri. Lakini kuna maswali mawili ambayo hatujazoea kuyauliza. La kwanza: huyo anayebaki na watoto ndani ya bweni usiku, sisi tukiwa majumbani kwetu tumelala, ni nani, na ni nani aliyechunguza alikotoka? La pili: yule aliyempa kazi hiyo bila kuchunguza, naye adhabu yake ni ipi?

Tuichukue Ilagala iwe mfano wetu. Hatuitaji kwa sababu kuna tukio fulani la huko tunalotaka kulisimulia, bali kwa sababu ya mahali ilipo. Ilagala ipo wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma, pale mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Hapo kuna kivuko cha kwenda upande wa Kajeje na vijiji vya kusini. Watu wake wanavua dagaa na migebuka, wanalima na kukamua mawese. Ng'ambo ya ziwa ni Congo, kaskazini ni Burundi. Tangu vita vya Burundi vya mwaka 1993 na vile vya Congo vya mwaka 1996, mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi maelfu kwa maelfu, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ipo tangu mwaka 1996. Ndani ya misafara hiyo walikuwamo watoto waliofika bila baba wala mama.

Kwa hiyo mwambao huu una watoto wengi wasio na mtu wa kuwaulizia. Una pia watu wazima wengi wanaoshuka mwaloni kutoka kwenye boti, na anayejua walikotoka ni wao wenyewe. Mtu akiondoka Ujiji akashuka Ilagala, au akaendelea mpaka Sigunga, Sunuka au Kalya, jina analolitaja ndilo atakaloitwa. Akisema ni ustadhi, ni ustadhi. Wengi wa wageni hao ni watu wema waliokuja kutafuta riziki. Lakini mtu mwenye nia mbaya kwa watoto naye anahitaji mahali pa namna hii, penye watoto wasio na mtetezi na wenyeji wanaoona haya kumhoji mgeni anayeswali.

Somo la Nabii Yaqub (a.s.)

Qur'an imetufundisha jambo hili katika Suratu Yusuf, nasi tunaisoma sura hiyo kila siku bila kuliona. Ndugu zake Yusuf (a.s.) walipomtaka baba yao awape mtoto, walimuahidi kuwa watamhifadhi. Yaqub (a.s.) aliingiwa na hofu na akaisema hofu yake, lakini mwisho wake mtoto aliondoka nao. Sote tunajua lililofuata. Alitupwa kisimani, na kwa baba ikaletwa kanzu yenye damu ya uongo.

Miaka ikapita. Watu wale wale wakarudi kumuomba Bunyamin, na ahadi yao ilikuwa ile ile: tutamhifadhi. Safari hii Yaqub (a.s.) hakuanza na ahadi yao. Katika aya ya 64 aliwarudisha kwenye waliyoyatenda kabla, akawauliza kama awaamini kwa huyu kama alivyowaamini kwa ndugu yake zamani. Kisha katika aya ya 66 akakataa kumtoa mtoto mpaka wampe ahadi nzito mbele ya Allah. Baada ya hapo ndipo akamtegemeza kwa Allah.

Tazameni mpangilio huo, ndugu zangu. Kwanza aliuliza rekodi, pili akachukua dhamana, tatu akatawakali. Sisi tumeupindua. Tunaanza na tawakkul na tunaishia hapo hapo. Na wale aliokuwa akiwahoji walikuwa watoto wake mwenyewe, waliolelewa katika nyumba ya Utume. Ikiwa Nabii wa Allah aliwauliza wanawe walichokifanya jana, vipi kamati ya msikiti ione haya kumuuliza mtu aliyeshuka kwenye boti juzi?

Na si hapo tu. Katika Suratun Nisaa aya ya 6, Allah (s.w.) ameamrisha kuwa mayatima wanapokabidhiwa mali zao, pawepo mashahidi. Shahidi anatakiwa kwa ajili ya mali ya yatima, mbuzi wake na shamba lake la michikichi. Basi mwili wa yatima, akili yake na heshima yake vina haki zaidi ya kuwekewa mashahidi.

Sheria ya nchi inasemaje?

Wapo wanaodhani upekuzi wa walezi ni mambo ya Wazungu. Tanzania Bara inayo Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Chini ya sheria hiyo makao ya watoto hayaendeshwi bila leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mwaka 2012 zilitungwa kanuni za makao hayo. Zanzibar inayo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011. Sheria ya Bara imemwekea pia kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa anapojua kuwa haki ya mtoto inavunjwa.

Kanuni ya Adhabu nayo, tangu ilipofanyiwa marekebisho na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, imewataja watu maalumu katika kifungu cha 130. Imemtaja kiongozi au mtumishi wa taasisi ya wanawake au watoto anayetumia nafasi yake kubaka. Na katika kifungu hicho hicho amewekwa kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake. Mtunga sheria alijua kuwa kilemba au msalaba unaweza kuwa ufunguo wa kufungulia mlango. Mtu mzima anayebaka kifungo chake hakipungui miaka 30, na kumbaka mtoto chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kumlawiti mtoto aliye chini ya miaka 18 nako ni kifungo cha maisha.

Hizi ni adhabu nzito, lakini zote zinakuja baada ya mtoto kuharibiwa. Na walioharibiwa ni wengi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011, ulionesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Kwa hiyo haitoshi kungoja mhalifu afungwe. Swali letu ni la kabla ya hapo: nani alimfungulia mlango?

Leseni peke yake hailijibu swali hilo. Leseni ni ya nyumba, upekuzi ni wa mtu. Nyumba inaweza kupata leseni mwezi wa Januari, kisha mlinzi mpya akaajiriwa Machi, mpishi Mei, na mwalimu wa kujitolea akaja Julai na begi lake mgongoni. Kila mmoja wao ni mlango mpya.

Yaliyotokea Bomet na Kaduna

Jirani zetu Kenya wana kisa ambacho kila mwenye kusimamia makao ya watoto anapaswa kukijua. Mmarekani aitwaye Gregory Dow alifungua makao ya mayatima katika kaunti ya Bomet mwaka 2008. Alikuja kwa jina la dini, na watoto wakamwita baba. Lakini mwaka 1996, katika jimbo la Iowa, mtu huyo alikuwa amekiri kosa la shambulio kwa nia ya kufanya unyanyasaji wa kijinsia, na akatakiwa kuandikishwa katika daftari la wahalifu wa aina hiyo. Rekodi ilikuwepo, lakini haikumzuia kupewa watoto Bomet. Mwaka 2017, tuhuma zilipotoka, alikimbilia kwao. Mwaka 2020 alikiri makosa yake mbele ya mahakama ya Marekani, na Februari 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 15 na miezi 8 kwa kuwanyanyasa wasichana wa makao yale.

Asiinuke Muislamu akasema: hao ni wamishionari, sisi hatuna habari hizo. Septemba 2019, katika mji wa Kaduna, Nigeria, polisi waliingia katika nyumba iliyoitwa shule ya Qur'an wakawatoa mamia ya wavulana na vijana, wengine wakiwa na minyororo miguuni. Wazazi walikuwa wamewapeleka kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu mahali hapo palitajwa jina la Qur'an. Jina la Allah likiandikwa juu ya mlango halimpekui aliyemo ndani.

Sitara isiyokuwa sitara

Tatizo letu kubwa liko hapa. Inapobainika kuwa mlezi au mwalimu amemfanyia mtoto ubaya, mara nyingi kikao huitwa usiku. Wazee hukaa. Huzungumzwa kuhusu jina la Uislamu, jina la markazi na sura ya mfadhili. Mwisho wa kikao huamuliwa: aondoke kimya kimya. Naye huondoka. Hupanda boti na begi lake, na pengine na barua ya kumsifu, akashuka mji mwingine. Wazee wale wamelala wakiamini wamemsitiri Muislamu. Ukweli ni kwamba wamewapelekea msiba watoto wa mji mwingine, na wameutilia mhuri.

Ni kweli kumsitiri Muislamu ni ibada. Lakini sitara ni ya mtu aliyekosea baina yake na Mola wake, akajuta, na kosa lake halimdhuru mwingine. Anayewaharibu watoto hana sitara hiyo. Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja mambo sita ambayo kwayo inaruhusiwa kuutaja ubaya wa mtu, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na shari. Na Fatima binti Qays (r.a.) alipomtaka shauri Mtume (s.a.w.) kuhusu wanaume waliomposa, Mtume alimweleza wazi wazi ila ya kila mmoja wao. Hadithi hiyo ipo katika Sahihi Muslim. Ikiwa mwanamke mzima ana haki ya kuambiwa ila za anayetaka kumuoa, mtoto wa miaka 8 hana haki zaidi?

Umma huu ndio uliojenga elimu ya kupekua watu. Maulamaa wa hadithi waliandika majuzuu kwa majuzuu juu ya hali za wapokezi: huyu mkweli, huyu amedhoofika kumbukumbu, huyu mwongo. Hawakuiita kazi hiyo kusengenya, waliiita kuilinda dini. Walimkataa mtu mchamungu kwa sababu tu alikuwa msahaulifu. Tunaikubali hadithi kwa kumpekua aliyeipokea, halafu mtoto tunamkabidhi kwa mtu ambaye hata jina la baba yake hatulijui.

Wapo watakaosema: lakini huyu ni mswalihina, tunamuona safu ya mbele. Imesimuliwa kuwa mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Umar bin al-Khattab (r.a.). Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake, kama amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu, na kama amewahi kusafiri naye. Kote akajibu hapana. Umar akamwambia kuwa huenda alimuona msikitini tu akiinua na kuinamisha kichwa, na kwamba mtu huyo hamjui. Na Abu Dharr (r.a.), swahaba ambaye hakuna anayeutilia shaka ukweli wake, aliambiwa na Mtume (s.a.w.) asisimamie mali ya yatima, kwa sababu alimuona ni dhaifu katika jambo hilo. Abu Dharr alizuiwa, wala hakununa. Basi ustadhi wa leo akiombwa alama za vidole, asione amevunjiwa heshima.

Wapo pia watakaosema kuwa huu ni mlango wa serikali kuziingilia madrasa zetu. Hofu hiyo ina historia yake na hatuidharau. Lakini dawa yake ni sisi kutangulia. Makao yaliyowapekua watu wake na kuweka mafaili safi hayamuogopi mkaguzi. Yasiyofanya hivyo ndiyo yanayompa mtu mbaya nafasi ya kuingia na mwenye chuki sababu ya kusema.

Adhabu ya aliyezembea

Sasa tuje kwenye adhabu. Katika fiqhi, mwenye kuwekewa amana hatozwi fidia kikipotea, ila kwa mambo mawili: akivuka mpaka, au akizembea. Mtu akiweka amana yako barazani usiku na ikaibiwa, hawezi kujitetea kuwa mwizi ni mwingine. Uzembe wake ndio kosa lake. Mwenyekiti wa kamati au mudiri anayemkabidhi mtu watoto bila kujua alikotoka ameiweka amana barazani. Hata mwizi asipopita usiku huo, amezembea.

Ndivyo sheria za baadhi ya nchi zinavyoliona jambo hili. Katika jimbo la California, Marekani, kituo chenye leseni kinachomruhusu mtu kufanya kazi kabla rekodi yake haijapekuliwa hutozwa dola 100 kwa siku kwa kosa hilo, hadi siku 5, na likirudiwa ndani ya miezi 12 hadi siku 30. Hapasubiriwi mtoto aguswe. Uingereza, baada ya mtunzaji wa majengo ya shule kuwaua wasichana wawili katika mji wa Soham mwaka 2002, ilionekana kuwa polisi wa eneo alilotoka walikuwa na tuhuma zake za nyuma ambazo hazikuifikia shule. Ikatungwa sheria ya mwaka 2006 ambayo chini yake anayemtumia katika kazi za watoto mtu aliyepigwa marufuku, huku akijua, anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Hili si geni kwa Uislamu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alipoandika juu ya kazi ya muhtasib aliwataja waalimu miongoni mwa wanaopaswa kuangaliwa, kwa sababu watoto hukulia mikononi mwao. Na kosa lisilokuwa na haddi maalumu lina taazir, adhabu ambayo kiongozi huikadiria kwa maslahi.

Lakini adhabu iwe na macho. Faini ikikatwa kwenye fungu la unga, wanaofungishwa ni mayatima, mudiri atakula kwake. Makao yakifungwa ghafla na watoto wakatolewa nje na mafurushi yao, tumewaadhibu waliodhulumiwa. Faini imguse aliyesaini ajira na bodi iliyonyamaza, itoke mifukoni mwao. Asiyepekuliwa atolewe siku hiyo hiyo. Anayerudia avuliwe uongozi. Na aliyejua ubaya wa mtu akamuandikia barua ya sifa apelekwe mahakamani, kwani huyo si mzembe tena, ni mshirika.

Na mkaguzi anayepokea bahasha ili aandike kuwa mafaili ni sawa, ajue kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa. Kwenye rushwa hii, mtoto ndiye anayeulipa mwili wake.

Tufanye nini?

Yapo ambayo kamati haihitaji kungoja serikali. Kila anayeingia kuwahudumia watoto, awe mudiri, mwalimu, mpishi, mlinzi au mgeni wa kujitolea kutoka Ulaya au Uarabuni, alete kitambulisho chake na majibu ya polisi yanayotokana na alama za vidole. Alete jina la mahali alipofanya kazi mwisho, na kamati ipige simu yenyewe huko. Isiridhike na barua aliyoibeba mkononi. Iulize swali moja kwa uwazi: mngempa watoto tena? Imam wa msikiti alikotoka aulizwe, na mtendaji wa kijiji chake aulizwe. Mpaka majibu yarudi, asibaki na mtoto peke yake, wala asilale bwenini.

Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ajulikane na watoto kwa sura na jina, ili mwenye jambo awe na pa kulipeleka nje ya ukuta. Na mfadhili, kabla ya kuuliza bati ngapi zimebaki, aombe kuona faili la upekuzi.

Na penye ndugu wa yatima, akae kwa nduguze. Kafala ya Kiislamu ni kumuweka yatima katika nyumba yenye watu wanaomjua, kiasi kwamba hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 umeitaja kwa jina lake katika kifungu cha 20. Bweni liwe la asiyekuwa na mtu kabisa.

Ndugu zangu, katika Suratul Baqara aya ya 220 Allah (s.w.) ametutajia mayatima, akatukumbusha kuwa Yeye anamjua mharibifu na anamjua mtengenezaji. Ujuzi huo ni wake. Sisi hatukupewa kuona yaliyomo vifuani, ndiyo maana tumepewa ndimi za kuulizia na kalamu za kuandikia. Siku ya Kiyama mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga, na jibu la "tulimdhania mtu mwema" halitomponya aliyekuwa na uwezo wa kuuliza, asiulize.

Tunamuomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu na mayatima wa umma huu, wa Ilagala na wa kila mahali, na atupe ujasiri wa kusema haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.